Siku Shangazi Alipozima Mashine ya Unga

Shangazi aliinua birika la chai, kisha akasogeza kwa kiwiko furushi la vijiti vya kuchomelea lililokuwa likiota moto kando ya jiko tangu juzi.

“Vijiti vyako hivi vinapata joto kuliko mimi mwenye nyumba,” alisema.

“Vikiingia unyevu vinatema cheche ovyo, shangazi. Vumilia, ni leo tu,” alijibu binti wa kaka yake, aliyekuwa na mtihani wa kuchomelea siku hiyo.

“Leo tu. Mwaka mzima nasikia leo tu.” Lakini ni yeye aliyevifunga ndani ya mfuko mtupu wa unga, akakaza kamba kama anayebeba mtoto mgongoni. “Nenda. Na mimi leo nitakusaidia kwa namna yangu.”

“Namna gani?”

“Nenda, mtoto wangu. Utachelewa.”

Chuoni binti huyo walimwita Taratibu. Mshono wake ulitambaa polepole juu ya chuma, wenzake wakimaliza yeye yuko katikati, lakini ukishapoa hukuti mahali pa kuukosoa. Hata kuongea aliongea hivyo hivyo. Tangu aanze masomo alikuwa amenyoosha mkono darasani mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anajikuna.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne vya matofali vilivyojengwa na wanakijiji kwa michango na jasho lao. Ada yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu aliweza kusoma kwa kuuza kuku. Hiyo ilikuwa mpaka mwaka huu. Mlangoni mwa ofisi palibandikwa tangazo kuwa mwakani ada itapanda mara tatu, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Kuku ni wale wale. Ambaye angefeli leo ingebidi arudie kwa ada mpya. Kwa Taratibu, maana yake ni kwamba asingeweza kurudia.

Watahiniwa walikuwa tisa, mashine ya kuchomelea moja. Mtahini alikuwa ametoka mjini na basi la alfajiri. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri, viatu vimejaa vumbi, na kwapani alikuwa na jalada la bluu ambalo hakuliweka chini hata alipokunywa maji. Alimwomba mkufunzi akae nje, akafunga mlango wa karakana.

“Kila mtu ana jozi mbili za mabamba,” alisoma mwongozo kutoka kwenye jalada. “Jozi ya kwanza ikiharibika, unatumia ya pili. Ya pili ikiharibika, umeharibikiwa wewe. Aliyeingia hatoki, na hakuna kuongea na mtu wa nje. Namba moja.”

Namba moja alikuwa Taratibu.

Alivaa glavu, akapanga mabamba mawili ukingo kwa ukingo, akashusha ngao ya uso. Aligusisha kijiti, mwanga ukawaka, akaanza kutembea nao kwa mwendo wake uleule wa kila siku.

Chuma kikayeyuka kama siagi.

Alipoinua ngao, katikati ya mabamba kulikuwa na tobo linaloweza kupitisha kidole gumba. Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Alikuwa jirani yake wa darasani, kijana waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki.

“Kama Taratibu katoboa,” Redio alinong’ona, “sisi wengine tukachome mahindi.”

“Kimya,” alisema mtahini, akaandika kitu. “Jozi ya pili.”

Taratibu alichukua jozi ya pili, lakini hakuipanga. Aliyaweka mabamba mezani, akayatazama, akatazama mashine, kisha akatazama taa iliyoning’inia juu. Ilikuwa nyeupe, inaumiza macho. Hakuwahi kuiona ikiwa nyeupe. Siku zote taa ile ilikuwa na rangi ya chai.

Ndipo alipogundua kwamba anasikia pumzi za wenzake. Katika karakana hii hakuna aliyewahi kusikia pumzi ya mwingine. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga ya shangazi yake, inayonguruma tangu asubuhi hadi jioni na kunyonya umeme wa mtaa mzima. Leo ilikuwa imenyamaza.

Nitakusaidia kwa namna yangu.

Akili yake ilipiga hesabu yote kwa mkupuo. Kirungu cha kupunguzia moto wa mashine ya chuo kilikatika kwa ndani zamani, moto ukanasa juu kabisa. Mkufunzi aliandika barua tatu kuomba kingine. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa kwamba imepokelewa, ya tatu ilirudishwa kwa kuwa haikutaja namba ya ile ya pili. Wanafunzi walijifunza hivyo hivyo, na kwa kuwa mashine ya unga ilikuwa inawaibia nusu ya umeme, moto ulikuja wa kiasi. Mikono ya wote tisa ilikuwa imezoea umeme wa kuibiwa. Leo shangazi alikuwa amewarudishia wote.

Akanyoosha mkono. Hakuwa anajikuna.

“Samahani, mwalimu. Naomba mashine ya unga iwashwe.”

Mtahini alishusha miwani. “Binti, njaa isubiri mpaka baada ya mtihani.”

Redio alicheka, akajizima mwenyewe.

“Si njaa, mwalimu. Moto ni mkubwa. Mashine ya unga ikiwaka, unapungua.”

“Si upunguze hapa?”

“Haupungui. Jaribu mwenyewe.”

Mtahini alikishika kirungu, akakizungusha. Kikazunguka bure kama kifuniko kisicho cha chupa yake. Akazungusha tena, upande wa pili, kisha akafungua jalada na kupekua kurasa kwa muda mrefu.

“Nikiandika mashine ni mbovu,” alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali, “kituo cha mtihani kinafutwa. Wote tisa mnarudi nyumbani.”

“Usiandike basi. Iwashwe tu.” Masikio ya Taratibu yalikuwa yanawaka, lakini maneno yalikuwa yameshaanza safari. “Mwongozo unakataza kutoka na kuongea na mtu wa nje. Umekataza kelele?”

Mtahini alipekua tena. “Haujakataza.”

“Na wewe umekatazwa kuongea na mtu wa nje?”

Mtahini, jalada kwapani, alikwenda dirishani, akachungulia foleni ya watu wenye ndoo za mahindi, akakohoa.

“Mama wa mashine. Naomba uwashe.”

Sauti ya shangazi ilijibu bila haraka. “Siwashi, baba. Kuna watoto wanafanya mtihani humo. Hawa wote nimewaambia wasubiri mpaka saa nane.”

“Najua kuna mtihani. Mimi ndiye mtahini.”

“Basi rudi kwenye kazi yako, usinitie majaribuni.”

Foleni iliangua kicheko. Karakana nzima iliziba midomo kwa glavu.

“Mama,” mtahini alisema, na jasho lilikuwa limeshaharibu shati lake, “watoto wenyewe wanaomba. Wanahitaji kelele.”

“Kelele?”

“Kelele, mama. Nakuomba.”

Upande wa pili mkanda wa mashine ukapiga, mara moja, mara mbili, ukashika. Ukuta ukaanza kutetemeka. Juu yao taa ilififia polepole mpaka ikawa rangi ya chai.

Taratibu alishusha ngao. Safari hii chuma kiliyeyuka kwa kiasi chake, kikatii, kikafuata kijiti kama kondoo anayejua njia. Alipomaliza aligonga maganda yaliyoufunika mshono kwa nyundo ndogo, nao ukabaki chini yake umelala sawasawa. Mtahini aliubana kwenye meno ya jiliwa la mezani, akaukunja kwa nguvu zake zote. Haukupasuka.

“Namba mbili,” alisema.

Hadi saa tisa wote walikuwa wamemaliza, na hata mshono wa Redio, uliokuwa na mabonde, ulikataa kuvunjika. Mtahini alimwita Taratibu mezani, kwa kuwa fomu ya mwisho husainiwa na namba moja. Ilikuwa na swali moja: Vifaa vya kituo vinafanya kazi ipasavyo? Ndiyo au hapana.

“Ukiandika hapana, unajua yatakayotokea,” alisema.

“Na nikiandika ndiyo, kirungu hakitakuja.”

Mtahini alimsogezea fomu.

Taratibu aliandika kwa mwandiko wake wa polepole: Ndiyo, mashine ya unga ikiwa imewashwa. Akatia saini.

Mtahini alisoma. Kalamu yake ilishuka kukata nusu ya mwisho, ikasimama, ikarudi mfukoni. “Kule ofisini watacheka,” alisema.

“Wacheke. Kwanza watakuwa wameisoma.”

Nje, shangazi alikuwa mlangoni pa mashine yake, kope nyeupe kwa unga, foleni imebaki watu wawili.

“Umepita?”

“Nimepita, shangazi.”

Shangazi alimkumbatia, akamwachia mikono miwili ya unga mgongoni. “Yule bwana wenu ana kasoro. Nimewatafutia utulivu, yeye anataka kelele. Hakuwasumbua?”

Taratibu alitazama uso ule uliokuwa tayari kupoteza wateja wa nusu siku kwa ajili yake.

“Alitusumbua kidogo,” alisema, akashika mdomo wa gunia ili shangazi afunge.