Mifupa ya Askari Nyegere

Ufalme wa Fisi ulikuwa na adabu zake. Ukimkosea mfalme unauawa, kisha baraza linakula mwili wako, nyama na mifupa, huku waziri akisoma dua ya shukrani. Huo ndio ustaarabu wao, jamani!

Hivyo ndivyo alivyokwisha Nyegere, askari wa mpakani. Aliamriwa afukize ubani mbele ya sanamu ya mfalme na kuisujudia, akakataa katakata.

"Mkuki wangu ni wako, Mtukufu," alisema. "Magoti haya yana Mwenyewe, naye yuko mbinguni."

Kabla ya adhuhuri walikuwa wameshamla.

Miaka ishirini ikapita. Kila kabwela akawa anasali kwa jina la Nyegere. Mfalme mpya, mtoto wa yule mlaji, alipoona hivyo akajenga kaburi la marumaru na kutangaza sikukuu: majeshi yote yataapa utii kwa mfalme juu ya mifupa ya shahidi.

"Iko wapi hiyo mifupa?" akauliza barazani.

Waziri Bweha akakohoa. "Mtukufu, marehemu baba yako... alijaliwa meno mazuri sana."

Basi wakaokota mifupa ya mbuzi, wakaiosha kwa marashi. Siku ya sikukuu, mbele ya majeshi, wakamleta mjane wa Nyegere aithibitishe.

"Mama, sema ndiye, upate nyumba," Bweha akamnong'oneza. "Ukikataa, unajua tunavyokula."

Bibi kizee akauchukua mfupa mmoja, akaunusa.

"Huyu ni mbuzi!" akapaza sauti. "Mume wangu mlimla, mabaradhuli nyie! Mkaenda kumnya nyuma ya kambi, kinyesi cheupe pee kwa mifupa yake. Anayetaka kumzuru aende huko akapige magoti. Kunanuka, lakini si kama hapa."

Askari mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Muueni!" mfalme akafoka.

Jemadari akamsogelea yule bibi, mkuki mkononi. Akageuka.

"Mtukufu, umetukusanya hapa tumheshimu askari aliyekataa amri," akasema. "Haya, tunamheshimu."

Akaulaza mkuki chini. Nyuma yake mikuki mingine ikafuata, safu kwa safu, na Bweha akatimua mbio. Mfalme akabaki peke yake juu ya marumaru, amekumbatia mfupa wa paja la mbuzi.