Kanzu za Manjano

Nilikuwa karani wa ofisi ya kanisa mjini Lodwar, na kwa miaka minne sikutuma barua pepe isiyo na mapambo. Jina langu, Shadrack Ebenyo, lilikaa chini ya kila barua kwa herufi za kujipinda kama za kadi ya harusi, na chini yake mstari wa dhahabu. Wenzangu walijibiana "sawa" bila hata nukta. Mimi niliwahurumia.

Mwezi wa tatu, kwaya ya Kaikor ilitaka kanzu thelathini na mbili za buluu. Kazi tulimpa Céline, fundi Mkongomani mwenye cherehani sita pale Kakuma. Nilimwandikia barua ambayo naweza kusema ilikuwa nzuri. Badala ya kuandika neno buluu, niliandika "Rangi ya kitambaa ni hii" kwa herufi za buluu. Orodha za vipimo zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, hivyo mpya nikaipaka manjano na kuongeza: "Fuata ya manjano peke yake." Niliitazama hiyo barua mara tatu kabla ya kuituma.

Kesho yake Céline aliuliza kwa mstari mmoja: "Kaka, ni manjano kweli?"

Nikamjibu, nikifikiria vipimo: "Manjano kabisa." Na mstari wa dhahabu chini.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Kakuma kuchukua mzigo. Kanzu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba mlangoni, na zote zilikuwa za manjano kama kiini cha yai.

"Dada Céline," nikasema, "buluu iko wapi?"

"Buluu gani? Nilikuuliza, na ukajibu."

Alinipa simu yake, ile ndogo ya vitufe. Barua yangu ilikuwa mle ndani, maandishi meusi matupu. Rangi ya kitambaa ni hii. Hii ipi? Vipimo vyote vilifuatana bila tofauti, na palipotajwa rangi, palitajwa manjano tu.

"Na vipimo?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Nilishona kwa vile virefu. Nguo ndefu inapunguzwa."

Virefu ndivyo vilivyokuwa vya zamani. Nilitamani anitukane, lakini alivuta kiti, akanipa sindano na uzi. "Kaa. Tutazikunja pamoja."

Nilikunja pindo hadi saa kumi jioni. Nne kati ya zile nilizoshona mimi ilibidi azifumue.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia Namuar, kiongozi wa kwaya. Sikuweka rangi wala mstari: "Kanzu ni za manjano. Buluu sikuiandika. Kosa ni langu, si la fundi. Ebenyo."

Alinipigia simu papo hapo, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Ebenyo. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Barua yako imenitisha. Nimezoea maua."

Nikamweleza yote. Akasema kwamba waimbaji wenyewe walikuwa wameomba manjano tangu mwanzo, na mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeshikilia buluu. "Leta," akasema. "Huyo mzee utazungumza naye wewe."

Nilizungumza naye Jumapili, nje ya kanisa la Kaikor, kwa dakika arobaini. Huko ndani waimbaji walikuwa wameshaanza kuimba, wamevaa manjano.