Kibao Kimoja kwa Tarafa Nzima

Hyasinta alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, mawe upande huu na maharage upande ule, mguu wa mumewe ulipoingia uani. Ulikuwa mguu wa kushoto, uliokatwa chini kidogo ya goti. Ulivaa buti la jeshi lililolika kisigino, na soksi ya kijani iliyokauka kwa vumbi la njia ya Ngorongoro. Ulisimama karibu na kuku, ukasubiri kukaribishwa.

"Baba Germana," Hyasinta aliita, "mguu wako umefika."

Clemensi alikuwa nyuma ya nyumba akikata tairi la lori kwa ajili ya katambuga, viatu alivyoshona na kuuza. Alikuja kwa magongo, akautazama kuanzia juu hadi chini, kazi ambayo haikuhitaji muda mrefu.

"Umechelewa," alisema.

Mguu huo ulibaki Kagera mwaka wa sabini na tisa, bomu la ardhini lilipowatenganisha. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, na mguu usio na mwenzake wa kupokezana naye hatua hauwezi kulaumiwa kwa mwendo huo. Ngoyai, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ololosokwan, alieleza baadaye kwamba ulipita kwao wakati wa kiangazi, ukalala bomani kwa mama yake, ukapakwa mafuta ya kondoo, na asubuhi ukashika njia. "Mgeni mzuri sana," alisema. "Hakuomba hata maziwa."

Clemensi hakuwa na nafasi ya kuushughulikia. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye kibao. Mapadri walikuwa wamempa baiskeli ya magurudumu matatu, inayoendeshwa kwa kuzungusha mikono, na kwa baiskeli hiyo alipeleka katambuga zake mnadani. Lakini ilikwisha kutolewa amri kwamba chombo cha mlemavu kiwe na kibao chake cheupe. Chombo chenye kibao kiliruhusiwa kusimama ndani ya kamba, pale mlangoni pa mnada ambapo kila mnunuzi hupita, na mwenye kibao aliuza bidhaa zake hapohapo. Kisicho na kibao kiliachwa chini, ng'ambo ya korongo, pamoja na punda. Kutoka korongoni Clemensi hupanda mteremko kwa viganja na goti, kwa kuwa magongo huzama kwenye tope, katambuga zikining'inia shingoni. Anapofika juu, watu wanafunga mbuzi wao kamba warudi nyumbani. Katika mnada uliopita alikutana na mnunuzi mmoja tu, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua.

"Mzee, hii ya kushoto unajishonea ya nini?" kijana alimuuliza. "Niuzie mimi, wewe baki na ya kulia."

Watu walicheka, na Clemensi naye alicheka, kwa sababu alikuwa bado hajauza.

Tena amri ilisema kwamba baiskeli isiyo na kibao hadi mwisho wa mwezi ichukuliwe, apewe anayestahili. Tarafa nzima ilikuwa imegawiwa kibao kimoja, na mwombaji alikuwa mmoja. Ofisa aliyehusika, ndugu Piusi, alikwisha kuja kukipima kigutu kwa uzi na kuridhika. Kilichobaki kilikuwa kukaza skrubu.

Hyasinta alifunika maharage, akajifunga kanga, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni anayelala kwako huripotiwa kwa balozi kabla jua halijazama. Hivyo ndivyo watu wote walivyofanya, na yeye hakuwa mtu wa kuanzisha desturi mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Germana," alijibu mzee Tluway, akaweka kibuyu chini. "Kuna heri?"

"Heri. Tumepata mgeni."

"Katoka wapi?"

"Kagera. Ni mguu wa Clemensi."

Mzee Tluway alitafakari. "Amekuja peke yake?"

"Peke yake."

"Amepungukiwa na chochote? Siku hizi wanatutaka tuulize."

Hyasinta alilelewa na masista, nao walimfundisha kujibu kadiri anavyoulizwa. "Karibu kila kitu, mzee. Hana mwenzake, hana kiwiliwili, hana mikono, hana kichwa."

"Pole yake," alisema mzee Tluway akiyaandika hayo kwenye daftari la wageni, na ilikuwa pole ya kweli.

Wiki hiyohiyo ndugu Piusi alifika na kibao ndani ya mfuko wa kaki, pamoja na bisibisi. Alikuwa mtu mpole, aliyesoma seminari miaka michache, na sauti yake haikupanda hata alipokuwa anamnyima mtu kitu. Alikaribishwa kigoda. Mguu ulikuwa umesimama kando ya mtungi.

"Ndugu Clemensi, ulituambia mguu haupo."

"Haukuwepo."

"Ule pale ni nini?"

"Ni mguu."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Basi upo."

"Lakini haujaungana nami, ndugu yangu."

"Serikali haimuulizi mtu ameuweka wapi mguu wake," alisema Piusi. "Wapo walioiacha yote miwili vilabuni, na bado tunawahesabu kuwa nayo."

Hyasinta aliomba ujaribiwe. Clemensi aliketi, Hyasinta akauinua mguu na kuushikiza kwenye kigutu. Nyama ilikwisha kupona pande zote mbili, kila upande kivyake. Goti na mguu viligusana kama wakwe waliokwisha kurudishiana mahari, kisha mguu ukajichomoa mikononi mwake, ukarudi kando ya mtungi.

"Hautaki," alisema Clemensi.

"Hilo ni shauri la ukoo," alisema Piusi. "Hatuliingilii." Kisha, ili uchunguzi wake usiwe na kasoro, alisimama akaamuru: "Mguu, sawa!" Mguu ukapiga buti chini, ukatulia wima. Kuku walitawanyika. Piusi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Basi kirudisheni hicho kibao ofisini Mbulu," alisema Clemensi, "na baiskeli mchukue."

"Hakirudi. Kikirudi, mwakani tarafa haipati hata kimoja. Na hapa nyumbani kwako yupo mwingine anayestahili." Piusi alikunja vidole kimoja kimoja. "Hana mwenzake, hana kiwiliwili, hana mikono, hana kichwa. Katika miaka yangu ya kazi sijakutana na ulemavu wa kiwango hiki. Zaidi ya hayo, wewe ulirudishwa nyumbani kwa ndege. Mwenzako alibaki."

Hyasinta aliyatambua maneno yale, neno kwa neno, kama mtu anayeziona nguo zake kwenye kamba ya jirani. Alimtazama mumewe. Clemensi alikuwa anamtazama yeye.

Kibao kilifungwa nyuma ya baiskeli, skrubu nne, zikakazwa vizuri. Piusi alieleza masharti: atapanda mwenye kibao peke yake, na mtu wa miguu miwili akikutwa amekipanda chombo hicho atapelekwa barazani.

"Mguu hauna mikono ya kuzungusha," alisema Hyasinta.

"Ndiyo maana Mungu akampa jamaa," alijibu Piusi, akaaga.

Kesho yake Hyasinta alirudi kwa mzee Tluway kuyaomba maneno yake.

"Mwanangu, mgeni hafutwi kwa sababu mwenyeji amejuta," alisema balozi. "Hufutwa akiondoka. Anaondoka?"

Hyasinta alikwenda kuuliza kwa namna aliyoiweza. Alifungua lango la ua, akauswaga mguu kwa ufagio kama anayefukuza mbuzi shambani. Ulitoka, ukaruka hadi kwenye mikonge ya mpakani, ukasimama kidogo, ukarudi. Ulikuwa umetembea miaka minne ili kufika pale.

"Tuuzike," alimwambia mumewe.

"Unapiga mateke," alisema Clemensi. "Nani atakuja kuzika kinachopiga mateke?" Alikuwa anashona katambuga ya kushoto na hakuinua uso. "Ungesema ni mgeni tu, mama Germana. Mgeni, basi. Nani alikutuma uhesabu?"

Hyasinta aliurudisha ufagio nyuma ya mlango.

Siku ya mnada mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulishika kila kilichoukanyaga. Hyasinta aliuketisha mguu kwenye baiskeli, akaisukuma kwa nyuma. Clemensi alifuata kwa magongo, katambuga shingoni, na kila hatua chache ilimlazimu asimame alichomoe gongo. Njiani watu waliusalimu mguu, wengine wakampongeza Hyasinta kwa kibao.

Pale mlangoni Ngoyai alikuwa ameegemea fimbo yake. "Sopa!" aliusalimu mguu kwa Kimaasai. "Umenenepa."

Ndugu Piusi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Baiskeli ilipokuwa imesimama kwa salamu, Clemensi aliipita, akaushika mti wa lango ili apate pumzi. Tope lilimfika gotini. Ndani ya kamba palikuwa pakavu. Walikuwa wametandaza pumba za ngano.

"Ruhusu na hizi katambuga ziingie," alisema Hyasinta. "Ziuzwe hapo, mimi nitapokea wanunuzi."

"Za nani?"

Hyasinta alifungua mdomo. Safari hii alifikiri kwanza, akaona kwamba uongo aliouhitaji ulikuwa mdogo sana, wa neno moja tu, nao haukutoka.

"Za Clemensi."

"Basi zitauzwa nje ya kamba, kama za watu wengine wazima." Piusi aliinua kamba juu ya kichwa chake, akangoja. Kisha akasema kwa upole, "Ndugu Clemensi, umesimama njiani. Mpishe mlemavu apite."

Clemensi alilivuta gongo la kwanza kutoka kwenye tope, halafu la pili, akapisha. Hyasinta akasukuma.