Daktari wa Beseni

Mume wangu hana shahada ya udaktari wala ya kitu chochote kinachohusu watoto, lakini mtaani wanamwita Daktari wa Beseni. Kila asubuhi yuko redioni akiwaeleza akina baba faida za kumwogesha mtoto kwa ratiba: analala vizuri, ngozi inakuwa laini, na zaidi ya yote anamzoea baba yake. Hilo la mwisho hulisema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, na wanawake hupiga simu wakiomba waume zao waige mfano. Mimi humsikiliza nikiwa nimeinama, povu limenifika viwikoni, namwogesha binti yake.

Binti yetu tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Baba yake huondoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala, na siku za mapumziko ana semina za malezi. Akijaribu kumshika, Chiriku humkazia macho kwanza, anamsaili, kisha anaangua kilio.

"Ana njaa huyu," husema mume wangu akinirudishia haraka, hata kama mtoto katoka kunyonya sasa hivi.

Nami humpokea, japo inaniuma. Nilitaka kitu kimoja tu, mwanangu amjue baba yake kabla hajaanza kutembea.

Kwa hiyo watu wa televisheni walipoomba kuja nyumbani kila Jumamosi wamrekodi akimwogesha mtoto, nilishukuru. Nilisema moyoni, sasa atalazimika. Akaanza mazoezi kweli. Alimwogesha mwanasesere, kisha akamwogesha tikiti maji ili azoee uzito, na tikiti likamponyoka likapasuka sakafuni.

"Mke wangu, Chiriku ataniharibia jina," akaniambia. "Tumwazime Kibonge."

Kibonge ni mtoto wa jirani yetu, fundi makochi, rika moja na Chiriku. Ni mpole hadi unaweza kumsahau juu ya kochi. Nilimuuliza mume wangu kama akili zimo. Akasema ni mara moja tu, mpaka Chiriku azoee. Azoee nini, nikamuuliza, akajifanya hakusikia. Mama Kibonge alikubali bila kinyongo, maana nani atakataa mtu wa kumwogeshea mtoto?

Bafu letu halikutosha taa na mpiga picha, basi beseni likawekwa juu ya meza ya sebuleni. Mimi na Chiriku tukafichwa chumbani, mtoto nimempa ziwa asije akatoa sauti. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Nikamwona bwana akipima maji kwa kiwiko, mkono mmoja umeshika shingo ya mtoto, mwingine unapangusa mikunjo ya mapaja taratibu, huku akiimba. Sikuwahi kujua kwamba anaimba. Mtangazaji alifuta machozi, na mimi pia, ila yangu yalikuwa ya hasira.

Kipindi kikapendwa. Mara moja ikawa kila wiki, na kwa kuwa mtu hawezi kuboronga mbele ya nchi nzima, mume wangu akaanza kuwahi kutoka kazini ili akafanye mazoezi kwa fundi. Kila jioni. Mtu ambaye alichelewa hata siku niliyojifungua. Alirudi kwangu ananukia sabuni ya mtoto wa watu, kachangamka, anataka chakula. Wenzangu huwafumania waume zao na wanawake, mimi nimezidiwa na beseni.

Jumapili moja tulikutana na Mama Kibonge kwenye ngazi, kambeba mwanawe ubavuni, nami Chiriku yuko begani kwangu. Kibonge alipomwona mume wangu alicheka kwa sauti, akanyoosha mikono yote miwili, akajirusha kifuani kwake na kulaza kichwa. Mama yake alipomwita, akang'ang'ania shati.

Mume wangu alibaki amesimama pale pale, mkono umejiweka wenyewe chini ya shingo ya yule mtoto.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Nini?"

"Yale ninayoyasema redioni."

Miezi yote ile alikuwa akiihubiria nchi jambo ambalo mwenyewe hakuliamini.

Akamrudisha Kibonge kwa mama yake, kwa shida, kisha akanyoosha mikono kwa binti yetu. Akamwita polepole, kwa sauti ile ya redioni. Safari hii Chiriku hakulia. Alimtazama kidogo, kisha akaficha uso shingoni kwangu na kutulia, vile vile anavyofanya akija msoma mita.