Sauti ya Haika Ilitangulia

Asubuhi ya kuondoka kwenda Ulaya, Haika alifungua friji, akataka kumwambia mumewe kwamba maziwa yaliyobaki ni ya kikombe kimoja, ayamalize yeye, na sauti haikutoka. Midomo ilifanya kazi yake, pumzi ilipita, lakini neno halikuwepo. Hakuumwa koo wala hakuwa na homa. Alifunga friji, akagusa shingo, akaelewa kwamba sauti yake imeshaondoka. Hakushangaa sana. Tangu Desemba ianze ilikuwa haitulii. Ilikuwa ikikatika katikati ya maongezi, kama mtu anayechungulia dirishani kila gari linapopita.

Mumewe, Gasto, alikuwa sebuleni amekalia sanduku ili zipu ifunge. Nyumba yao ya Richfield ilikuwa chini ya njia ya ndege, na kila ndege iliyoinuka ilitikisa vikombe kabatini. Miaka yote waliyokaa Minnesota, Haika aliinua macho darini zikipita, akijiuliza ni ipi inayoelekea nyumbani. Gasto aliinua macho siku walipohamia tu, akasema watazoea.

Simu ililia. Alikuwa Sebastian, kaka yake Haika, akipiga kutoka kwake Moshi mjini, ambako tayari ilikuwa jioni.

"Shemeji, nawajulisha tu kwamba Haika amefika," alisema Sebastian. "Imekuja sauti peke yake, lakini imefika salama."

"Amefika saa ngapi?" Gasto aliuliza.

"Mchana huu. Kaingia mlango wa uani, akamwamkia mama. Sasa yuko jikoni, anawaelekeza watu namna ya kumenya ndizi. Mama hajacheka hivi tangu macho yalipomzimika. Kesho tunapanda naye Kibosho."

"Vizuri. Sisi tunaruka mchana. Mpe mama shikamoo yangu."

Alikata simu, akamwambia mkewe kwamba sauti yake iko Moshi, asihangaike kuitafuta, kisha akamuuliza kama kamera iko kwenye begi la mkononi. Haika aliitikia kwa kichwa.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo kwao kila mtu analijua. Mchagga awe Dar, awe Mwanza, awe Mbeya, Desemba ikiingia hufunga duka, akafunga na ofisi, akapanda mlimani. Aliyegombana na nduguye hupanda. Anayedaiwa hupanda vilevile, akajificha kwa shangazi. Krismasi kule watu ni wa aina mbili, wanaopanda na wanaosemwa, na Haika alikuwa amesemwa kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa amepofuka, na tangu apofuke alikuwa na ombi moja kila walipoongea kwenye simu: "Njoo nikushike uso kabla sijaondoka." Haika alitaka hilo tu. Hakutaka Paris, hakutaka Roma, hakutaka mnara wa mtu yeyote. Alitaka mama yake amshike uso.

Gasto naye alikuwa na lake. Kiwanja alichogawiwa na baba yake hakikuwa na hata tofali, na mdogo wake, upande wa pili wa ua wa masale uliotenganisha viwanja vyao, alishaezeka nyumba yenye roshani. Mtu na elimu yake, kutoka Marekani kote huko, akalale kwa mdogo wake kama mgeni? Kila Desemba alisema mwakani, mpaka mwaka ule wa tisini na sita alipokata tiketi za Ulaya. Aliona kwamba mtu akileta picha za Paris, hakuna atakayemuuliza nyumba yake iko wapi. Tiketi zenyewe alisema ni zawadi kwa Haika.

Rafiki yao Nahashon, Mkenya wa mtaa wa pili, alikuja kuwapeleka uwanjani. Aliacha gari likiunguruma, akawa anakwangua barafu kwenye kioo.

"Haika, mbona leo umeninyamazia?" aliuliza.

"Sauti yake imetangulia nyumbani," Gasto alimjibu.

"Ah, pole. Ya Rahab wangu pia ilienda, ile winter babake alikufa na hatukuwa na papers. Ilikaa huko mpaka Easter." Nahashon alikwangua kidogo zaidi. "Lakini sisi hatungeweza kuifuata. Nyinyi mko na passport, mko na leave, mna-fly mpaka Amsterdam. Hapo si ni connection moja tu?"

"Barabara ina utelezi leo," alisema Gasto. "Endesha polepole."

Siku zile, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, kila abiria alipaswa kujibu maswali kwa kinywa chake: nani amefunga sanduku lako, kuna mtu amekupa kitu umbebee? Gasto alijibu yake, kisha akajibu ya mkewe. Amefunga mwenyewe. Hajapewa kitu. Dada wa kaunta alimtazama Haika, akataka kumsikia. Gasto alimweleza kwamba sauti ya mkewe imeshasafiri. Dada aliuliza kama imesafiri kwa tiketi hiihii, akaambiwa hapana, akabandika vibandiko kwenye masanduku.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Haika hakikuwa na mshindo wowote. Gasto alikuwa amemjibia benki, kwa daktari, kwa mwenye nyumba na mezani kwa watu, kwa muda mrefu hivi kwamba siku hiyo hata yeye mwenyewe hakuona kama kazi imeongezeka.

Ukutani karibu na kaunta palikuwa na ramani kubwa ya safari za ndege, yenye mistari myekundu. Kutoka Amsterdam mstari mmoja uliteremka, ukavuka bahari na jangwa, ukatua Kilimanjaro. Haika alimvuta Gasto kwa mkono wa koti. Aliweka kidole Amsterdam, akakiteremsha taratibu mpaka mlimani. Akakirudisha juu, akakiteremsha tena.

Gasto alielewa. Hakuwa mjinga, na tuseme kweli, hakuwa mtu mbaya. Aliangalia viatu vyake, na aibu ilimpata.

"Mwakani," alisema. "Mungu akipenda, mwakani."

Haika aliona uchungu ambao ungemfanya apige kelele mbele ya watu wote wale, kama angekuwa na cha kupigia. Gasto alikwenda kununua filamu za kamera. Haika alikwenda kwenye simu zilizopangwa ukutani, akatoa kadi, ile ya kubonyeza namba tu, akampigia kaka yake.

Moshi ilikuwa usiku, watu wanangoja chakula. Simu ilipokelewa na mama yake, maana Sebastian alikuwa ameiweka kwenye stuli karibu na kiti cha mama.

"Halo? Nani mwenzangu?"

Haika alipumua.

"Kama unamtaka Sebastian ametoka, kafuata mkaa." Mama alingoja kidogo. "Husemi? Basi sikiliza tu, mimi leo nina furaha, siwezi kunyamaza. Mwanangu amekuja. Haika wangu, yule wa Marekani. Unamsikia huko jikoni? Tangu afike hajakaa chini. Namngoja amalize, nimshike uso."

Nyuma ya maneno yale, katikati ya kelele za sufuria, Haika alisikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Kilikuwa kicheko kizuri. Alikuwa hajakisikia siku nyingi.

"Haika!" mama aliita. "Njoo basi, mwanangu."

"Nakuja, mama," ilijibu sauti kutoka jikoni. "Sasa hivi nakuja."

Haika aliijua sauti hiyo, na si kwa sababu ni yake tu. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi kulikuwa na bibi mmoja aliyeuliza kila siku binti yake anakuja lini, na kila siku Haika alimjibu kwa sauti hiyohiyo, tamu, isiyo na haraka, kwamba anakuja Jumapili. Bibi yule aliridhika siku zote. Jumapili alichana nywele mapema, akakaa mahali atakapoonekana kirahisi.

"Umesikia?" mama alimwambia mtu wa kwenye simu. "Anakuja."

Gasto alirudi na filamu zake, akamkuta mkewe ameukumbatia kifuani mkono wa simu, ambamo mama alisikika akicheka. Aliuchukua taratibu, akaurudisha mahali pake, akamfuta machozi kwa ncha ya skafu.

"Si umemsikia mama?" alisema. "Ana furaha. Basi, mke wangu."

Abiria walikuwa wanaitwa. Gasto alitoa tiketi zote mbili mlangoni, na mhudumu, aliyeona macho ya Haika, alimwinamia yeye peke yake akamuuliza kwa upole kama yuko tayari kwa safari.

"Yuko tayari," alisema Gasto.