Daftari la Ulingoni

Niseme mapema tusije tukasumbuana: mimi si mbea. Miaka ishirini na sita nilikuwa metroni katika shule ya bweni ya wasichana huko milimani, na kazi ya metroni ni kuangalia. Unahesabu vichwa vitandani, unachungulia dirishani, unajua nani analia na nani anajiliza. Ukistaafu, mshahara unapungua lakini macho hayastaafu. Wahenga walisema macho hayana pazia, na mimi ni nani nibishane na wahenga?

Kwa hiyo kikundi chetu cha wakulima hapa chini ya mlima Sagalla kilipotafuta mtu wa kukaa ulingoni, kura zote zilikuja kwangu. Ulingo wenyewe uko shambani mwangu, kwa sababu shamba langu limeinuka kidogo. Ni jukwaa la miti lenye ngazi ya vipago kumi na kimoja ambavyo magoti yangu yanavijua kwa majina. Ukikaa pale unaona mashamba yote matano yakiteremka hadi kwenye ua wa mizinga ya nyuki, na ng'ambo ya ua ni ranchi, na ranchini ndiko wanakotoka ndovu.

Kila mwanachama ana kipande chake cha ua. Mizinga inaning'inia kwenye waya, ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, ndovu anakumbuka kwao. Lakini ndovu mwenye njaa huwa hakumbuki haraka, na hapo ndipo mimi nilipohitajika. Kuanzia saa kumi hadi giza liingie, nilikaa na darubini na daftari. Nikiona ndovu, nagonga kipande cha reli kilichofungwa pembeni, kila mtu anatoka na debe lake. Na nilichoona nakiandika, kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya kanisa, daftari husomwa mbele ya wanachama wote. Kurasa zimepigwa nambari ili mtu asing'oe. Sheria hiyo niliileta mimi mwenyewe, kutoka bwenini.

Mwezi wa kwanza niliandika ndovu. Mwezi wa pili nikaanza kumwandika Kimanzi.

Kimanzi ni jirani yangu wa pili kushuka. Alikuja kutoka Kibwezi akiwa na mizinga minane, godoro moja na kofia ya majani. Alikuwa amefiwa na mkewe, kama mimi nilivyofiwa na mume, ila mimi nilikuwa nimezoea, au nilikuwa nikiwaambia watu hivyo. Alinisalimia vizuri, "Habari ya jioni, Metroni," nami nikajibu "Nzuri," na kwa mwaka na nusu mazungumzo yetu hayakuzidi hapo.

Sasa, dirisha la jikoni kwake linatazama ulingo wangu. Darubini ile ilikuwa nzuri mno. Ingekuwa mbovu kidogo, ningekuwa mtu mwema hadi leo.

Niliandika mambo yake nyuma ya daftari, kuanzia ukurasa wa mwisho nikirudi mbele, kwa herufi ndogo. "Saa kumi na nusu: anachemsha chai. Saa kumi na moja: anaongea na mizinga, mikono yote miwili inasaidia. Saa kumi na moja na nusu: anakula amesimama, sufuria mkononi, kama mtu anayengojwa na basi." Mwanzoni nilijiambia ni ujirani mwema. Lakini ujirani mwema haukupeleki soko la Voi kutafuta kikombe cha bluu kama cha jirani yako. Nilikipata. Nikawa nachemsha chai yangu mapema, napanda nayo kwenye chupa, naye akimimina yake nami namimina yangu. Akipuliza, napuliza. Siku nyingine nilimwambia kwa sauti, "Leo umezidisha majani, baba," na nikacheka peke yangu juu ya miti, mwanamke wa miaka sitini na moja.

Binti yangu Dinah alinialika Mombasa kwa Pasaka. Nikamwambia nina kifua. Nilikuwa mzima kama kigongo. Ningeendaje Mombasa, nani angejua kama Kimanzi amekula? Nilimpenda, ndiyo. Nilimpenda kwa namna ambayo kama msichana wangu wa kidato cha pili angempenda hivyo mvulana wa ng'ambo ya barabara, ningemwita mzazi wake.

Basi ikafika Alhamisi moja, mwezi wa sita, ndengu zikiwa zimekomaa. Kimanzi alikuwa akirina asali tangu asubuhi, na ili kuifikia mizinga alishusha waya wa kipande chake. Nilimwona kwa darubini. Ila siku hiyo hakuwa peke yake. Kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani, mnene kiasi, anayecheka kwa mabega. Walivua mavazi ya nyuki, wakaingia jikoni, akamwekea chakula mezani, na Kimanzi, yule Kimanzi wangu wa kula amesimama, akaketi.

Moyo uliniwaka kama nimekula pilipili kichaa. Nilikazia dirisha lile macho hadi yakatoa machozi. Wanakula, wanacheka, anampa asali kwa kijiko! Jua likazama. Nikaandika mbele ya daftari, kama kawaida, "Alhamisi: shwari, hakuna ndovu," nikashuka, nikalala bila kula.

Asubuhi shamba la Nyanya Katuku, jirani wa Kimanzi, lilikuwa uwanja wa mpira. Ndovu sita, labda saba, kwa jinsi nyayo zilivyokuwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelala mjini Voi kwa mwanawe, akarudi na kukuta msimu mzima wa ndengu umekuwa kinyesi. Na waya wa Kimanzi, uliopakana na shamba lake, ulikuwa chini.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tulikutana katika darasa la chekechea la kanisa, tumekalia viti vidogo, magoti yakigusa videvu. Mwalimu Sylus, katibu wetu, alisoma daftari. Alipofika Alhamisi akasoma mara mbili: "Shwari, hakuna ndovu."

"Basi ndovu waliingia usiku, kila mtu amelala," akasema Sylus. "Na waliingia kwa sababu waya ulikuwa wazi. Mzee Kimanzi, ulirina asali, ukasahau kurudisha waya."

"Niliurudisha," akasema Kimanzi. "Mbele ya dada yangu. Niliufunga na nikauvuta mara mbili nione kama umeshika. Hao ndovu waliuangusha wenyewe, na nafikiri walikuja mapema, kukiwa bado na mwanga. Nilisikia kitu kikivunjika, nikadhani ni kuni za jirani. Sikuhangaika, kwa sababu reli haikulia."

Nilisikia neno moja tu katika hayo yote. Dada. Mwanamke wa kitambaa chekundu alikuwa dada yake, Mumbe, tena aliketi pale pale nyuma, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, na chini ya haya, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Furaha haikudumu. "Kama wangekuja na mwanga, Metroni angewaona," akasema Sylus. "Metroni hajawahi kukosea." Watu wakaitikia kwa vichwa. Sheria ya waya ilijulikana: anayeuacha wazi anaondolewa kwenye ua, mizinga yake inakwenda kwa mwingine. Kimanzi hakubishana. Aliigeuza kofia yake ya majani mikononi, akasema polepole, "Mimi bila nyuki sina kazi hapa. Mkiamua hivyo, nitarudi Kibwezi."

Hapo nikaelewa nilipokaa. Nikinyamaza, Kimanzi anaondoka akiitwa mwongo, nami nabaki na sifa zangu na dirisha tupu. Nikisema, anabaki, na atajua. Ushahidi wa kumwokoa ulikuwepo duniani, mahali pamoja tu, kwa herufi ndogo, nyuma ya daftari alilolishika Sylus. Nilikaa kwenye kile kiti cha mtoto nikitamani nipatwe na kifua kweli.

"Mwalimu," nikasema. "Geuza daftari. Soma kutoka nyuma. Alhamisi."

Sylus akageuza, akakohoa, akanitazama. "Nisome?"

"Soma. Neno kwa neno, ndiyo sheria."

Akasoma. "'Saa kumi na moja na dakika kumi: K. amerudisha waya. Ameufunga, ameuvuta mara mbili. Saa kumi na moja na nusu: ameingia jikoni na huyo mwanamke. Saa kumi na mbili kasoro robo: ameketi! Kwangu mimi... kwangu mimi hajawahi kuketi. Saa kumi na mbili na dakika tano: wanacheka. Saa kumi na mbili na robo: bado wanacheka. Ana nini huyu nisicho nacho mimi?'"

Mumbe akaangua kicheko, kile kile cha mabega, na darasa zima likamfuata. Nyanya Katuku, ambaye ndiye aliyepoteza ndengu na ndiye aliyekuwa na haki ya kunitukana, akanigeukia. "Mapenzi ni kikohozi, Metroni," akasema. "Lakini wewe umekohoa kwenye chakula changu."

"Ndovu walipita mbele yangu," nikasema, nikiwa nimesimama. "Kulikuwa bado na mwanga. Mimi niliangalia dirisha la mtu. Waya wake ulikuwa salama. Ndengu zangu zote ni za Nyanya Katuku, kesho aje avune."

Kimanzi hakucheka. Aliinuka, akavaa kofia, akatoka nje bila kuniangalia.

Nilivuliwa ulingo siku hiyo hiyo, na haki ilitendeka. Lakini ulingo hauhami kama kiti; umechimbiwa shambani mwangu. Na mtu waliyemchagua kukaa juu yake, kwa wingi wa kura na kwa utani usio na adabu, alikuwa Kimanzi.

Ikawa kila siku saa kumi anapita mlangoni mwangu. "Habari ya jioni, Metroni." "Nzuri." Anapanda. Mimi nabaki chini nikichambua mboga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikajua uzito wa kuwa chini ya macho ya mtu. Nilikunja khanga vizuri. Nilikula nimeketi. Siku ya nne sikuweza kuvumilia, nikainua kichwa kuona darubini imeelekea wapi. Ilikuwa imeelekea ranchini. Siku ya tano, ranchini. Siku ya sita, ranchini. Mwanamume mwaminifu anaweza kukuua.

Siku ya tisa alishuka giza likianza kushika, lakini hakupita. Alisimama penye mlango wangu wa jikoni, daftari mkononi.

"Nimelisoma," akasema. "Lote. Kutoka nyuma."

Nilishika mwiko tu.

"Nilikasirika sana, Metroni. Mtu akiwa jikoni kwake anajikuna, anaimba vibaya, anaongea na marehemu. Hayo si ya watu. Ningetaka kuonwa, ningefungua mlango."

"Najua," nikasema. "Nimekosa. Hakuna namna ya kulisema likawa zuri."

Akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole. "Umeandika hapa nililia. Mara mbili."

"Ndiyo."

"Hii ya mwezi wa tano vilikuwa vitunguu."

Nilitaka kucheka nikaona uso wake, nikaacha.

"Na ile ya mwezi wa tatu?" nikauliza.

"Ilikuwa siku ya mke wangu. Miaka mitatu." Akasoma, akilitamka kila neno taratibu: "'Saa kumi na moja na dakika ishirini. Amekaa juu ya ndoo nje. Analia. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, bado.'" Akafunga daftari. "Dakika thelathini na tano, na ulikuwa hapa tu. Kwa nini hukuja?"

Miaka ishirini na sita, msichana akilia bwenini, sikuwahi kutazama saa. Nilivaa ndara nikaenda, nikakaa ukingoni mwa kitanda, basi. Na huyu, niliyejidai nampenda kuliko chakula, nilimpima machozi kwa dakika nikayaandika vizuri kwa kalamu. Mbele ya darasa lile la chekechea niliona haya ya kucheka. Hapa mlangoni niliona ile nyingine, ambayo haina sauti.

"Niliogopa ungeniuliza nimejuaje," nikasema.

Alibana daftari kwapani, akavua kofia.

"Ningekuuliza," akasema. "Lakini baada ya chai."

Nikamsogezea kiti. Alikiangalia kwa muda, kisha akaketi, nami nikageukia jiko kuwasha moto, kwa sababu sikutaka anione uso.