Mpisheni Huyo

Benchi la zahanati ya kwetu Ileje sitalisahau. Lilikuwa ubao mmoja mrefu wa mkaratusi, umelainishwa na makalio ya akina mama miaka nenda rudi. Mvua ikinyesha walijibana pale barazani na watoto wao, ukungu ukiingia hadi chumba cha dawa. Na waliongea hao! Nani kaolewa, nani kavuna kahawa mbichi, mume wa nani kalala tena mtaroni. Lakini huku midomo inakwenda, macho yalikuwa kwa watoto, na si wa kwao tu. Akitokea mama na mtoto aliyelegea, benchi zima lilipaza sauti: "Mpisheni huyo!" Mtoto alipokewa mkono kwa mkono, juu ya magoti ya watu, hadi kwa tabibu, mama yake akifuata nyuma na kitenge kinaburuta.

Najua kwa sababu mmoja wa watoto hao nilikuwa mimi. Marehemu mama alinikumbusha kila nilipomletea jeuri. "Gwantwa, usijione. Ulipona kwa kupishwa na wanawake wa watu." Nilichukia kuisikia hadithi hiyo. Leo ningetoa chochote anisimange tena, hata mara moja tu.

Hapa Tunduma hospitalini kwetu hakuna benchi. Kuna viti vya chuma vyenye matundu, baridi yake unaisikia hadi kwenye figo, na vyote vimeelekezwa kwenye runinga. Unachukua namba, unakaa, unatazama tamthilia. Jirani yako humjui wala huna haja naye. Mji wa mpakani huu, kila mtu ana haraka zake, na foleni ya malori imewafundisha watu kwamba anayepita pembeni ni mwizi.

Daktari Watson alipoanza kuandika mwongozo wa huduma ya dharura kwa watoto, aliniweka kwenye kamati, maana wodi ya watoto naiongoza mimi. Kipengele cha kwanza kilisema kila mtoto atazamwe na muuguzi mlangoni kabla ya kuandikishwa, na mwenye dalili ya hatari aingie moja kwa moja.

"Daktari," nikamwambia, "hicho mama zetu walikuwa nacho bila karatasi."

Akacheka. "Basi sista, simama wewe mlangoni."

Tukaanza kukijaribu, ikawa vurugu. Ukimwingiza mtoto mmoja, wenye namba wanakuja juu. Baba mmoja almanusura ampige mlinzi. Katibu wa hospitali akachoshwa na malalamiko, akatuambia wazi kwamba ikitokea fujo nyingine, watoto wote watarudi kwenye namba, na mwongozo utapitishwa bila kipengele hicho. Roho iliniuma. Utanunua mitungi ya oksijeni, utabandika picha za katuni ukutani, mtoto anakata pumzi kwenye kiti cha chuma akingoja namba yake iitwe!

Asubuhi moja akaingia Mwamvua. Yeye na mumewe, Makoye, walikuwa wametoka Kamsamba kuja kuuza mchele, mtoto akaugulia kwa mwenyeji wao mjini. Mwamvua alisalimia kwa heshima zote, akanipita, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa.

"Mama, mtoto yuko wapi?" nikamfuata.

Akageuza mgongo. Sikuona hata unywele. Mtu wa joto la Kamsamba, baridi ya kwetu ilikuwa imemtisha, akamfunika mtoto kwa kitenge, juu yake shuka, juu yake tena sweta la mumewe.

"Nitangoja tu, sista," akasema. "Wenzangu wamenitangulia. Mie mgeni hapa."

Adabu nzuri, ndivyo tulivyolelewa wote. "Mshushe," nikasema. Tukafungua nguo moja moja. Mtoto alikuwa akihema kwa mkoromo, mbavu zinabonyea kila avutapo pumzi, midomo imekuwa ya kijivu. Nikamkwapua.

"Awe, hapana sista!" Mama Blessing, muuza vitenge wa pale mpakani, alikuwa ameshasimama mbele ya mlango wa chumba cha dharura, mwanawe kiunoni. "Awe! Sisi tumekaa hapa tangu alfajiri. Huyu kaja sasa hivi anapita, kwani ni ndugu yako?"

Wengine wakainuka, namba mikononi. Katibu akatoa kichwa ofisini kwake. Mimi nina hasira za karibu, na tusi lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikamsogezea Mama Blessing yule mtoto karibu kabisa na uso wake.

"Mtazame," nikasema. "Mtazame vizuri, halafu uniambie ni zamu ya nani."

Akamtazama. Mdomo ukamwanguka.

"Yesu wangu! Mpisheni huyo! Sogeeni huko, hamwoni?" Akausukuma mlango kwa bega, na mwanamume mmoja aliyezubaa njiani akapata kiwiko cha mbavu.

Ndani, Daktari Watson alimwekea mtoto oksijeni, mimi nikatafuta mshipa huku machozi yananitoka kama mtoto wa shule. Mwamvua alishika nyayo za mwanawe. Nikamwona mama yangu hapo, msichana bado, amesimama vilevile Ileje na mimi nimelegea mezani. Nilimkumbuka mno. Taratibu ile midomo ikaanza kurudiwa na rangi.

Nilipotoka, runinga ilikuwa ikipiga kelele peke yake.

"Vipi?" wakauliza karibu wote.

"Bado mgonjwa. Lakini anapumua."

Mtu akasema "Asante Mungu." Katibu alikuwa amesimama katikati yao, akanitazama, akanipa ishara niendelee. Nikaita namba iliyofuata. Ilikuwa ya Mama Blessing.

Hakuinuka. Alikuwa ameinamia kiti cha jirani yake, msichana asiyemjua hata kwa jina, amefunua shuka la mtoto wa msichana huyo na kumshika mguu.

"Sista, wangu ana mafua tu," akasema bila kugeuka. "Njoo uone huyu kwanza. Mama yake anasema tangu jana hashiki titi."